Njumu za Uvunguni

Nazungumza nawe msikilizaji, popote unaponisikia, kuanzia Magole na Dumila hadi Rudewa na Kilosa mjini, na ninyi mlio safarini kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, ambao huenda sasa hivi basi lenu limesimama stendi ya Dumila na mnanunua nyanya na vitunguu kupitia dirishani. Jioni hii nimekuja na jambo la ndani ya nyumba. Nataka tuzungumze vifaa vya michezo vilivyozeeka: njumu, raba, jezi, bukta, soksi ndefu, glavu za golikipa, vikinga ugoko, mipira iliyoisha upepo. Kwenu vinakaa wapi? Kwetu vinakaa uvunguni mwa kila kitanda, juu ya kabati, kwenye magunia nyuma ya mlango wa stoo, na ndani ya yale mabegi makubwa ya miraba tunayoyaita shangazi kaja.

Nyumba yetu ni ya michezo. Baba watoto alikuwa golikipa, na mpaka leo jua likipoa utamkuta uwanjani akiwafundisha vijana. Mtoto wa kwanza ni beki wa kati, wa pili ni kiungo. Binti yetu anacheza netiboli, na kitinda mimba amechukuliwa na riadha. Tangu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni kule Tokyo Septemba 2025, akawa Mtanzania wa kwanza kushinda dhahabu kwenye mashindano ya dunia ya riadha, mtoto huyu anaamka kabla ya adhana na kushika barabara ya Kilosa mbio. Nawapenda kwa hilo. Ningefurahi kila nyumba ya hapa iwe na watoto wanaochoka uwanjani kuliko wanaoshinda vijiweni. Mkoa wetu unazijua nyumba za namna hii. Pale Morogoro mjini bondia Francis Cheka na mdogo wake Cosmas walipanda ulingoni wote wawili. Lakini michezo ina mzigo wake, na mzigo huo anaujua zaidi anayefagia.

Kila msimu kuna kinachoingia. Mguu wa kijana wa miaka 13 haumsubiri mtu: njumu zilizomtosha Januari zinamfinya Juni. Timu ikipata mfadhili mpya, zinakuja jezi mpya. Mashindano ya ndondo yakianza, jezi nyingine. Uchaguzi ukikaribia, wagombea wanagawa mipira na jezi kijiji kwa kijiji, nazo zinaingia. Jamaa akitoka Dar es Salaam anapitia sokoni na kubeba raba za mtumba kwa sababu anajua nyumba hii ni ya wanamichezo. Sasa niulize vinavyotoka ni vingapi. Siku nikishika fagio na kutangaza kwamba leo magunia yanaondoka, nyumba nzima inasimama. Beki anasema, "Mama, hizo usiziguse, hizo nilizivaa UMISSETA," yale mashindano ya shule za sekondari. Binti anakumbatia kizibao chake cha netiboli chenye herufi mgongoni kana kwamba nataka kumvua ngozi. Na baba yao, ambaye hapendi kubishana nami mbele ya watoto, anasubiri wameondoka ndipo anasema kwa upole, "Mama watoto, kitu kizima hakitupwi."

Neno hilo limenifikirisha. Sitaki kulipuuza, kwa maana anayelisema ana sababu, na sababu hiyo inaanzia mbali kuliko uvunguni mwetu.

Wenzangu wenye umri kama wangu mnakikumbuka Kiwanda cha Viatu cha Morogoro. Kilijengwa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia, wakati serikali ya Mwalimu Nyerere ilipoufanya mji wa Morogoro kuwa mji wa viwanda, pakiwa na kiwanda cha ngozi, cha turubai, cha magunia, cha nguo na cha tumbaku. Mpango wa kiwanda cha viatu ulikuwa mkubwa. Kilikusudiwa kutosheleza mahitaji ya viatu ya Tanzania nzima, kisha robo tatu ya viatu vyake vikauzwe Ulaya. Fikiria hilo, msikilizaji: Mzungu avae kiatu kilichoshonwa chini ya milima ya Uluguru.

Haikuwa hivyo. Jengo liliwekewa kuta za aluminiamu bila mfumo wa kupitisha hewa, na joto la Morogoro tunalijua. Mitambo ikaharibika, vipuri vikakosekana, mali ikaibwa na waliopewa kuilinda. Uzalishaji haukuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wa kiwanda, na mwaka 1990 kikasimama kabisa. Mchumi wa Marekani, William Easterly, alikiandika kwenye kitabu chake cha mwaka 2001 kama mfano wa fedha za maendeleo zilizopotea, na wanafunzi wa uchumi wa nchi nyingi wamesoma habari za Morogoro kwa njia hiyo. Mimi inaniuma kwamba tunajulikana huko kwa jambo hilo. Inaniuma zaidi kwa sababu najua maana yake kwa miguu ya watu wetu.

Maana yake ilikuwa kwamba miaka ile ya baada ya Vita vya Kagera, wakati sabuni na sukari vilipangiwa foleni, njumu ilikuwa kitu cha ndotoni. Timu za mashirika zilijiweza kidogo. Reli walikuwa na shirika nyuma yao, Tumbaku walikuwa na kiwanda, na huko Tumbaku ndiko alikopita mshambuliaji Zamoyoni Mogella kabla ya Simba kumchukua. Lakini kijana wa vijijini, wa huku kwetu, alicheza peku. Baba watoto anasimulia kwamba timu yao ilikuwa na njumu chache zilizozunguka miguuni mwa wote: mchezaji anayetoka anavua pale pembeni ya mstari, anayeingia anavaa zikiwa bado na joto la mwenzake. Zisipomwenea mtu, anajaza matambara kwenye vidole, au anakunja vidole. Mtu aliyekulia hivyo, ukimwonyesha njumu iliyoachama soli na kumwambia itupe, unamwambia jambo ambalo moyo wake haulikubali. Kutunza kila kitu ilikuwa hekima ya kweli wakati ule, na nyumba nyingi za Kilosa zilivuka miaka ile kwa hekima hiyo.

Kisha mambo yakageuka. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa, mitumba ikaingia, na haikukoma. Mwaka 2005 profesa mmoja wa Marekani, Pietra Rivoli, alitoa kitabu cha safari ya fulana: alifuatilia kuanzia shamba la pamba la Texas hadi kiwandani China, na mwisho akafika Manzese, Dar es Salaam, kwenye meza za mitumba. Aliona huko kwamba nguo za wanaume ni adimu na ghali kuliko za wanawake, kwa kuwa wanaume wa kwao hununua chache na kuzivaa mpaka zichakae. Muuza mitumba yeyote wa hapa Dumila angemwambia hivyo hivyo bila kusafiri. Ila nguo za michezo hazifuati sana desturi hiyo, kwa sababu huko ughaibuni shule, chuo na klabu hubadilisha jezi kila mara, na mtoto wa huko naye mguu wake unakua. Ndiyo maana ukifungua belo la michezo unakutana na jezi za shule ambazo hata kwenye ramani hatuzioni, zina jina la mtoto mgongoni, zimevaliwa msimu mmoja.

Na zipo ambazo hazikuvaliwa kabisa. Kule Marekani, fainali ya mchezo wao wa mpira wa miguu wa kuvaa kofia ngumu inapochezwa, fulana za ubingwa huchapwa mapema kwa timu zote mbili. Zile za timu iliyofungwa haziuzwi. Kwa miaka mingi zilikabidhiwa shirika la World Vision, ambalo lilizipeleka nchi kama Zambia na Nicaragua. Kwa hiyo kuna mtu kwenye kijiji cha Zambia aliyelima akiwa amevaa ubingwa ambao haukutokea. Sisemi hili kumcheka. Nguo ni nguo na mwili unahitaji kufunikwa. Nasema ili tuone kwamba rundo la uvunguni mwetu ni mwisho wa mto mrefu, na sisi tupo kwenye delta yake.

Serikali zetu zilijaribu kuuzuia mto huo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba ifikapo 2019 mitumba iwe imeondoka ili viwanda vyetu vipumue. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika, na Marekani ikatishia kuziondoa nchi hizi kwenye mpango wake wa kuziruhusu kuuza bidhaa huko bila ushuru. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishwa faida hiyo kwa upande wa nguo. Mimi nilitamani sana mpango ule ufanikiwe, lakini nawajua pia akina mama wa meza za mitumba hapa stendi ambao wamesomesha watoto kwa raba za belo. Jambo hilo lina uzito pande zote mbili, na leo siwezi kulimaliza.

Ninachoweza kulisemea ni hili la uvunguni, kwa sababu hapo sheria ni yetu wenyewe. Turudi kwenye neno la baba watoto: kitu kizima hakitupwi. Je, kilichomo kwenye gunia ni kizima?

Hapa ndipo nawaomba wenye nyumba za michezo mnisikilize vizuri. Kiatu cha siku hizi hakifanani na kile cha ngozi na misumari cha zamani, ambacho kingeweza kukaa miaka kikapakwa mafuta na kurudi uwanjani. Raba nyingi zina povu la plastiki katikati ya soli. Aina moja ya povu hilo, poliuretani, hushambuliwa na unyevu wa hewa. Maji yaliyomo hewani yanalivunja kidogo kidogo kutoka ndani, hata kama kiatu kimefungwa kwenye boksi lake na hakijakanyaga ardhi. Joto likiongezeka, kazi hiyo inakwenda haraka. Halafu siku moja mtoto anakitoa kwa furaha, anakimbia kutoka hapa mpaka pale, soli inamwagika kama makombo. Wengi tumelaumu wauzaji kwa jambo hilo, wakati kiatu kilikuwa kinaozea nyumbani kwetu kikiwa kizuri kwa macho. Na sisi tunaishi kwenye bonde lenye joto na masika yake, chini ya bati. Stoo ya Dumila mwezi wa kwanza ni mahali pabaya kwa kiatu.

Gundi nayo hukauka na kuachia. Mpira wa soli hukakamaa na kupata nyufa. Mpira wa kuchezea ukiachwa umelala bila upepo kabisa, kibofu cha ndani hujikunja, na pale kwenye mkunjo ndipo kinapopasukia. Mpira unaohifadhiwa uachiwe upepo kiasi. Glavu za golikipa ndizo hufa upesi kuliko vyote, kwa sababu ule utandu wa viganjani ni laini na hugandana zikifungiwa zikiwa na jasho. Baba watoto alipozitoa glavu zake za mwisho, zile alizozihifadhi kwa heshima kubwa, viganja vilikuwa vimeshikana na havikuachana bila kuchanika. Alizitazama kwa muda mrefu. Kama angempa kijana wa timu yake mwaka ule alipoacha kucheza, zingedaka penalti.

Kwa hiyo kutunza kwa kufungia hakutunzi. Kiatu cha michezo kina umri, nao unahesabika kikivaliwa na kisipovaliwa. Raba ya kukimbilia, wataalamu wengi wanasema, hutumikia kilomita kati ya 500 na 800, na mtoto wangu wa riadha akimaliza robo ya hizo mguu umekwisha kuzidi kiatu. Robo tatu iliyobaki ni mali ya nani? Kwangu mimi ni mali ya mtoto mwingine anayekimbia peku kwenye changarawe asubuhi hiyo hiyo, na kila mwezi kiatu kinapokaa guniani mali hiyo inapungua.

Jezi ni shauri jingine kabisa. Jezi haiozi, na hapo ndipo tatizo lake. Karibu zote sasa ni za polista, na polista ni plastiki ile ile ya chupa ya maji. Kwenye Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini, kampuni ya Nike ilitengeneza jezi za timu za taifa kwa chupa zilizorejelezwa, jezi moja ikila hadi chupa nane. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019 na mitaro yetu ikapata nafuu, lakini jezi kuukuu ikitupwa kwenye korongo inafanya kazi ile ile ya mfuko. Ukiichoma shimoni inayeyuka, inadondoka moto, na moshi wake mweusi unaingia vifuani mwa watoto wanaochungulia. Nawaomba akina mama wenzangu, msichome jezi.

Watu wa Dumila na Magole hawahitaji kuambiwa maji yanafanya nini na takataka. Januari 2014 mto Mkundi ulifurika, ukakata barabara kuu hapa darajani, magari ya kwenda Dodoma yakakwama, na majirani zetu wengi wakahamia kwenye mahema. Kwenye nyumba zilizoingia maji, vitu vya uvunguni ndivyo vilivyotangulia kuzama. Godoro huwekwa juu ya meza, mtoto hubebwa mgongoni, lakini gunia la njumu nani alikumbuke? Maji yalipopungua, vitu vya namna hiyo vilichimbuliwa kutoka kwenye tope vikiwa havimfai mwenyewe wala mwingine.

Basi nini cha kufanya? Nitasema tunavyofanya kwetu sasa, kila mtu achukue linalomfaa.

Cha kwanza ni kumfahamu fundi viatu. Pale stendi wapo mafundi ambao kwa uzi wa nailoni na sindano wanaishona soli kuzunguka yote, na njumu iliyoachama inarudi uwanjani kwa bei ndogo mno ukilinganisha na mpya. Wanaojua kazi husugua kwanza gundi ya zamani mpaka itoke, wanapaka mpya, wanaacha ikauke kidogo, ndipo wanabana na kushona. Njumu iliyoshonwa hivyo huweza kuwa na nguvu kuliko ilipotoka dukani. Lakini umpelekee mapema, soli ikianza kuachia nchani, usingoje mpaka iwe mdomo wa mamba. Na msianike njumu zilizolowa karibu na jiko la mkaa. Nimeona watoto wakizipanga kuzunguka jiko usiku wa kuamkia mechi. Gundi inalegea, povu linasinyaa. Jaza magazeti ndani, weka kivulini penye upepo.

Cha pili ni kupima kabla ya kutoa. Tunapenda kumpa mtu kiatu bila kumwangalia mguu, tukiamini kwamba kupata ni bora kuliko kukosa. Si mara zote. Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 peku, akashinda. Viatu vipya alivyokuwa navyo vilimchubua mguu, akaona heri miguu yake mwenyewe. Miaka minne baadaye kule Tokyo alivaa viatu vilivyomwenea, akashinda tena. Mtoto akivaa njumu ndogo kwa sababu ya heshima kwa aliyempa, kucha zitang'oka na mwisho wake ataacha mpira. Mwambieni ajaribu, akanyage, aruke. Ikikataa, apewe mwingine. Na kabla hakijatoka nyumbani, kiatu kioshwe kwa sabuni ndani na nje, kikauke vizuri, maana fangasi wa vidole wanahama na kiatu. Soksi zilizovaliwa mimi sigawi. Shirika la Viwango, TBS, limekataza kuingiza nguo za ndani za mitumba kwa ajili ya afya zetu, na naona hekima hiyo ifike mpaka kwenye soksi za uvunguni.

Cha tatu, vile visivyofaa tena uwanjani vina kazi nyingine. Jezi ya golikipa yenye mikono mirefu ni nguo nzuri ya kupalilia mpunga, kwa sababu majani ya mpunga yanakata ngozi. Soksi ndefu zinavaliwa ndani ya buti shambani. Wavu wa goli uliochanika unazungushiwa bustani ya mchicha, kuku wasiingie. Kamba za njumu hufungia miche ya nyanya. Hapo ndipo neno la baba watoto linapata haki yake kamili, na tangu tulipoanza kufanya hivyo amekuwa mtu wa kwanza kutafuta kazi ya kila kipande.

Nikitazama majirani zetu wa Kenya naona wamelifikisha jambo hili mbali zaidi. Kule Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1987, MYSA, kiliweka utaratibu kwamba timu ikifanya usafi wa mtaa inapata pointi kwenye ligi, pamoja na pointi za uwanjani. Watoto waliochambua takataka kwa mikono yao walipanda juu kwenye msimamo. Na tangu 2004, hapo hapo Nairobi, shirika la Alive and Kicking limekuwa likishona mipira ya ngozi kwa mkono, migumu, inayostahimili viwanja vya mawe. Mpira wa namna hiyo ukichanika unashonwa tena. Naona huo ndio mpira unaotufaa, kuliko ile inayong'aa siku ya kwanza na kuvimba nundu wiki ya pili. Kwa nini Dumila tusiwe na ligi inayotoa pointi kwa timu iliyoleta njumu zilizoshonwa kwa ajili ya timu ya watoto? Viongozi wa soka wa wilaya, kama mnanisikia, nawaachia hilo mlifikirie kwa dhati.

Najua kuna kitu kimoja bado hatujakigusa, nacho ni kumbukumbu. Njumu alizozivaa UMISSETA si mali ya fundi viatu. Kizibao cha binti yangu kimebeba jasho la siku waliyowafunga wenzao wa shule kubwa. Sitaki nyumba yetu iwe tupu kiasi kwamba mjukuu akija asione alama ya babu yake golini. Kwa hiyo tumekubaliana kila mtu achague kitu kimoja tu kibaki kwa ajili ya moyo wake, kioshwe, kitundikwe ukutani au kiwekwe kwenye sanduku moja la familia, mahali pa kuonekana. Baba yao alisumbuka zaidi ya watoto. Mwisho aliacha glavu, akaacha njumu, akachagua jezi ya timu yao ya zamani, nyembamba mpaka inaona mwanga, ambayo namba yake ilishonwa kwa mkono na mama yake mzazi. Alikuwa sahihi. Vingine vyote vilikuwa vya mchezo, ile ilikuwa ya mama yake.

Vilivyobaki vilipelekwa shule ya jirani kwa mwalimu wa michezo, vikiwa safi, kila jozi imefungwa kamba na imeandikwa namba. Watoto wa darasa la tano na la sita walipewa wa kwanza. Yule kiungo wangu alimwona mtoto mwingine akipiga krosi na njumu zake za mwaka jana, akanikimbilia kunionyesha, "Mama, ona, zinacheza!" Mtoto wa namna hiyo anaweza kufika mbali. Hapa kwetu, Mtibwa Sugar, timu ya njia hii hii ya Turiani, ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000 ikiwa timu ya mashamba ya miwa, mbali na miji mikubwa. Wachezaji wa huku hutokea kwenye viwanja vya vumbi vya shule za msingi, na hawawezi kutokea kama njumu zimefungiwa guniani.

Sasa msikilizaji, UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA huchezwa katikati ya mwaka, na mazoezi huanza miezi kadhaa kabla. Kama kwenu kuna gunia, litoeni Jumamosi hii. Kaeni wote, watoto na baba wakiwepo, msifanye kwa kuviziana. Mkunje kila kiatu kuona kama soli inapasuka. Kinachoshoneka kiende kwa fundi, kinachofaa kioshwe na kufungwa kamba, kisha kabla ya mwisho wa mwezi kifike kwa mwalimu wa michezo wa shule iliyo karibu nanyi, na muulizeni ni namba zipi watoto wake wanakosa. Anazijua kwa kichwa.